Kiyoyozi Kikiharibika Al Quoz: Gharama za Matengenezo na Afya Yako



Kila mwaka ukiingia mwezi wa sita, maongezi ya Waswahili hapa Dubai hubadilika. Habari za nyumbani zinasogezwa pembeni, na mtu akikutana na mwenzake pale kituo cha basi swali la kwanza ni moja tu: "AC yako vipi, bado inapoza?" Anayejibu "inapuliza tu" anapewa pole kama aliyefiwa.

Huenda ukashangaa ukurasa wa afya kuandika habari za mafundi na bei zao. Sababu ni hii: wapo ndugu zetu wanaolala wiki nzima katika chumba cha moto, si kwa sababu fundi hapatikani, bali kwa sababu wanaogopa bili. Wanasubiri mshahara. Wengine wameambiwa matengenezo ni dirhamu 1,200 kumbe tatizo ni la dirhamu 150. Na wengine wanalipa kutoka mfukoni kazi ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba au ya mwajiri. Mwili hausubiri mwisho wa mwezi.

Kwa mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja, joto si jambo geni. Lakini joto la kwetu lina upepo wa bahari, na usiku linalegea. Hapa kiangazi hupita nyuzi 40 mchana, na ikifika Agosti unyevu unapanda, na usiku mwingi joto halishuki chini ya nyuzi 30. Kuta za zege zilizopigwa jua mchana kutwa zinarudisha joto lile ndani usiku. Walio hatarini zaidi ni wale ambao watu hawawafikirii: walinzi wa zamu ya usiku. Hao wanalala saa tatu asubuhi na kuamka saa tisa mchana, yaani wanalala katika saa kali kuliko zote. Serikali tangu mwaka 2005 inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, lakini katazo hilo halimsaidii mtu aliyelala chini ya AC iliyokufa.

VUMBI LA AL QUOZ

Al Quoz si kama Marina. Kuna mitaa ya makazi, Al Quoz 1 hadi 4, na kuna zile Industrial zenye karakana za magari, mabohari, wakata marumaru, maseremala na viwanda vya zege. Upepo ukivuma, vumbi la saruji na la mbao linaingia kila pahala. AC yako ya nje (ile sanduku yenye feni) inavuta hewa hiyo saa zote, na mapezi yake membamba yanaziba. Yakiziba, joto halitoki, kompresa inafanya kazi mara mbili, inapata moto, na ndipo matatizo yote yanapoanza.

Kwa hiyo yule anayekwambia AC isafishwe mara moja kwa mwaka, pengine anazungumzia mtaa mwingine. Kwa Al Quoz, vua filta ya ndani kila wiki mbili, ioshe kwa maji ya bomba, ikauke kivulini, irudishe. Ni dakika kumi na haigharimu kitu. Kazi kubwa ya kuosha mashine ndani na nje mwite fundi mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe mwezi wa tatu au wa nne, kabla ya joto. Mwezi wa saba mafundi wana foleni na bei zao zina mabawa.

Filta chafu si suala la fedha peke yake. Maji yanayoganda kwenye koili ya ndani yakichanganyika na vumbi yanaotesha kuvu, na hewa unayovuta usiku kucha inapita hapo. Mwenye pumu atakuwa wa kwanza kujua. Ukiwasha AC ukasikia harufu kama ya soksi mbichi, hiyo ni kuvu, na kupulizia manukato hakusaidii.

Wapo wazee wetu wanaosema AC inaleta nimonia au kifua kikuu. Baridi peke yake haileti kifua kikuu. Kinaletwa na vijidudu kutoka kwa mtu mgonjwa. Ila wazee wana hoja upande mmoja: AC ya spliti haileti hewa mpya, inazungusha ileile iliyomo chumbani. Mkilala watu wanane na mlango umefungwa, mnavutiana pumzi mpaka asubuhi. Fungueni dirisha dakika kumi na tano alfajiri, hata kama joto litaingia kidogo.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Angalia kwanza ile swichi ya umeme kwenye boksi la ukutani, huenda imeruka. Irudishe mara moja tu. Ikiruka tena, acha, kuna hitilafu ya umeme na kuilazimisha ni kutafuta moto. Angalia rimoti isije ikawa imewekwa kwenye feni badala ya kupoza. Hili linachekesha lakini watu wamelipa dirhamu 100 kwa fundi kubonyeza kitufe kimoja. Angalia filta. Ukiona barafu kwenye koili, zima upande wa kupoza, acha feni pekee izunguke saa kadhaa mpaka barafu iyeyuke, kisha osha filta na ujaribu tena. Maji yakidondoka ndani ya chumba, mara nyingi ni bomba la kutolea maji limeziba kwa uchafu.

Usifungue sanduku la nje mwenyewe. Ndani mna kapasita, kitu kama kopo dogo, ambacho kinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuzimwa.

BEI ZA MATENGENEZO

Bei nitakazotaja ni za kukadiria, za mafundi wa mtaani na kampuni ndogo. Kampuni kubwa zenye magari yenye maandishi hutoza zaidi.

Fundi kuja kuangalia tu ni dirhamu 50 hadi 150, na wengi huiondoa pesa hiyo kama utawapa kazi. Ulizia hilo kwenye simu, kabla hajatoka kwake. Kuosha spliti moja vizuri ni kati ya 80 na 150. Kapasita, pamoja na kazi, 100 hadi 200. Mota ya feni 250 hadi 600. Bodi ya elektroniki 350 hadi 900, na hapa ulizia kama bodi inaweza kurekebishwa, maana wapo mafundi wa bodi wanaofanya kazi hiyo kwa nusu ya bei. Kujaza gesi 150 hadi 350 kwa mashine ya chumba. Kompresa ya AC ya dirisha au spliti ndogo 700 hadi 1,500. Wenye vila zenye mashine kubwa za dari wahesabu zaidi ya hapo sana.

Sasa linganisha: AC mpya ya dirisha ya tani moja na nusu inapatikana kwa dirhamu 1,000 hivi, na spliti ya ukubwa huo 1,300 hadi 2,000 bila gharama ya kuifunga. (Hiyo "tani" si uzito wa mashine. Ni nguvu ya kupoza inayolingana na kuyeyusha tani moja ya barafu kwa siku, kipimo cha tangu enzi za barafu.) Kwa hiyo AC ya dirisha yenye miaka minane ikifa kompresa, mimi sioni sababu ya kuitengeneza. Kompresa mpya ndani ya mwili mkuukuu ni gharama ya nusu AC au zaidi, na bado mota, bodi na koili ni za zamani. Mashine ya miaka mitatu ni habari nyingine. Hiyo itengeneze, na kwanza angalia kama dhamana ya kompresa haijaisha. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya kompresa ndefu kuliko ya mashine nzima, na watu hutupa ile karatasi siku ya kwanza.

Kuna ujanja mmoja wa kuufahamu. AC inanguruma lakini haipozi, au feni ya nje haizunguki. Fundi anatikisa kichwa: kompresa imekufa. Inawezekana. Lakini dalili hizohizo huletwa na kapasita dhaifu, na joto la hapa linaua kapasita kwa haraka. Mwambie apime kapasita kwa mita yake mbele yako kwanza. Fundi mkweli hatakasirika. Akikasirika, mlipe pesa ya kuja na umuage kwa heshima.

Kuhusu VAT: asilimia 5 ilianza Januari 2018, na anayeruhusiwa kuitoza ni aliyesajiliwa tu, mwenye namba ya TRN ya tarakimu 15 ambayo lazima ionekane kwenye risiti. Fundi wa baiskeli anayekuongezea "VAT" bila namba hiyo anajiongezea chai.

"GESI KHALAS, BHAI"

Sentensi hii umeisikia, kama bado utaisikia. Fundi anaweka mkono mbele ya AC, anasema gesi khalas, anajaza, anachukua dirhamu 250, na mwakani anarudi kusema hivyohivyo.

Ndugu yangu, gesi ya AC si petroli. Haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine isiyovuja inaweza kuishi maisha yake yote na gesi iliyotoka nayo kiwandani. Kama imepungua, basi kuna tundu mahali, na kujaza bila kuziba ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Swali lako kwa fundi ni moja: "Inavuja wapi?" Kazi inayofanywa sawasawa ni kutafuta tundu (hata povu la sabuni linaonyesha), kuliziba, kuvuta hewa yote kwa pampu, kisha kujaza gesi kwa kupima kwenye mizani. Ubavuni mwa mashine kuna karatasi inayotaja aina ya gesi na uzito wake. Isome kabla fundi hajafika. Ikiwa imeandikwa R-410A au R-32 na yeye amebeba mtungi wa R-22, asiguse. Gesi hizi hazibadilishani. R-410A ina shinikizo kubwa kuliko R-22 kwa kiasi cha nusu na zaidi, na R-32 inaweza kushika moto.

R-22 yenyewe inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo kila mwaka unaokwenda, kuendelea kuilisha mashine ya zamani kunakuwa hasara zaidi.

Kwa upande wa afya: gesi ikivuja kwa wingi ndani ya chumba kidogo inasukuma oksijeni, nayo ni nzito, inatulia chini walipolala watu wa sakafuni. Ikikutana na moto inatoa moshi wenye sumu. Kazi ya gesi ifanyike madirisha wazi, jiko limezimwa, na watoto wako nje.

BILI YA UMEME

AC ya tani moja na nusu hula kama kilowati 1.7 kompresa inapofanya kazi. Kompresa ikizunguka jumla ya saa 12 kwa siku, ni yuniti 612 kwa mwezi. Kwa kiwango cha chini cha DEWA cha fili 23 kwa yuniti hiyo ni dirhamu 141, kabla ya nyongeza ya mafuta na VAT. Mashine hiyohiyo ikiwa imeziba vumbi na kompresa haipumziki, saa 20 kwa siku, unafika dirhamu 235. Tofauti ni dirhamu 94 kwa mwezi mmoja, karibu sawa na kuoshewa. Na vila yenye AC nyingi ikipita yuniti 2,000, bei ya yuniti zinazozidi inapanda hadi fili 28, halafu 32, halafu 38. Weka nyuzi 24. Kuweka 16 hakuharakishi chochote. AC ya kawaida inapoza kwa nguvu ileile, ila haisimami.

NANI ANALIPA?

Hapa ndipo pesa nyingi za watu wetu zinapopotea, kwa hiyo soma taratibu.

Kama umepanga kwa mkataba wako mwenyewe, sheria ya Dubai namba 26 ya mwaka 2007, kifungu cha 16, inasema mwenye nyumba ndiye anayewajibika na matengenezo na kasoro zinazomzuia mpangaji kuitumia nyumba, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Shida iko kwenye hayo maneno ya mwisho. Mikataba mingi ina mstari mdogo unaosema matengenezo madogo, kwa mfano chini ya dirhamu 500, ni ya mpangaji. Soma kabla ya kusaini. Kama mstari huo upo, kuosha na kapasita ni zako, kompresa ni yake. Kama haupo, yote ni yake. Mwandikie ujumbe wenye tarehe na picha, mpe siku chache, na usitengeneze halafu ukate kodi bila kibali chake cha maandishi, maana hapo wewe ndiye utakayeonekana hukulipa kodi. Asipojibu, kuna Kituo cha Migogoro ya Pango kule Deira, kilichoanzishwa mwaka 2013. Kufungua kesi ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, si chini ya dirhamu 500. Utahitaji mkataba uliosajiliwa Ejari.

Kama unaishi kambi au nyumba ya kampuni, usichange. Mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa makazi yanayofaa, na viwango vya makazi ya wafanyakazi vya mwaka 2009 vinataja AC pamoja na nafasi isiyopungua mita tatu za mraba kwa kila mtu. Mwambieni msimamizi wa kambi kwa maandishi, mkiwa wengi kuliko mtu mmoja. Ikishindikana, Wizara ya Kazi ipo kwenye 600590000. Dada zetu wa kazi za nyumbani nao wana sheria yao ya mwaka 2022 inayomtaka mwajiri awape malazi yanayofaa. Chumba cha uani kisicho na AC mwezi wa nane hakifai, na si ufidhuli kusema hivyo.

Mgumu zaidi ni mpangaji wa kitanda. Mkataba una jina la mtu mwingine, risiti hakuna, na AC moja iliyofungwa kwa ajili ya chumba kimoja inapoza vyumba vitatu vya mbao. Aliye karibu nayo anaganda, wa mwisho anaoka, na kompresa haipumziki kwa sababu joto la kule mwisho halishuki. Hakuna fundi wa kutibu hilo, ukuta wa mbao ndio ugonjwa. Mwaka 2025 Manispaa ya Dubai ilianza msako wa vyumba vilivyogawanywa bila kibali, hasa kwa hofu ya moto. Kama huna njia nyingine, mkubaliane kabla ya kiangazi na aliyewapangisha kwamba AC ikifa ni juu yake, na ujumbe huo wa simu uuhifadhi. Kisha mwambie akuandikishe kama mkazi. Tangu 2022 Idara ya Ardhi inataka wakazi wote wa nyumba wasajiliwe.

Na kwa wachache waliojaaliwa kununua nyumba: ile ada ya huduma ya jengo mara nyingi haihusu mashine iliyo ndani ya mlango wako. Mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima unafaa kwa vila yenye mashine nne au tano, lakini uliza kwa maandishi kama vipuri na gesi vimo. Mingi inahusu kuosha tu.

USIKU WA KUSUBIRI FUNDI

AC ikifa jioni na fundi anakuja kesho, usikae chumbani kwa ukaidi. Nendeni sehemu yenye ubaridi hadi usiku wa manane, au ombeni kulala kwa jirani. Hili si jambo la kuona haya. Wa kwanza kuondolewa wawe watoto wachanga, wajawazito, wazee, wenye kisukari, wenye selimundu (kupungukiwa maji kunaweza kuamsha maumivu yao) na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo. Insulini iende kwenye friji. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Feni inasaidia joto likiwa chini ya nyuzi 40. Likizidi hapo inakupulizia moto tu. Lowesha fulana, paka maji shingoni na mikononi.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na misuli kukaza ni onyo: mtoe mtu kwenye joto, mlaze, mpe maji kidogo kidogo. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akatetemeka kwa degedege, akapoteza fahamu, au mwili ukawa wa moto kama tanuri, hicho ni kiharusi cha joto na kinaua. Panadol haisaidii hapo. Usimnyweshe chochote kama hana fahamu. Piga 998 kuita gari la wagonjwa, na wakati mnalisubiri mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee, na mweke barafu kwapani, shingoni na kwenye mapaja, bila kuacha mpaka wafike.